Kondoo Chotara wa Lusungwe

"Mtazama pembe haoni meno." Maneno hayo yalisemwa asubuhi kwenye kikao cha ukoo, na ubishi uliokuwa umepamba moto ukazimika palepale. Mchana, vijana waliokuwa wakimenya viazi vya sherehe wakamwuliza Bibi Anyisile msemo huo umetoka wapi, maana huko mjini walikokulia hawajawahi kuusikia. Bibi hakuweka kisu chake chini. Aliwaambia kwamba ulizaliwa hukuhuku juu kwenye baridi, na ulizaliwa hivi.

Zamani, kijijini Lusungwe, alikuwako mjane aliyeitwa Tupokigwe. Mumewe alimwachia kondoo wachache wenye mikia minene, na mbwa mmoja mwekundu aitwaye Askari. Kondoo walikuwa wakimfia. Kila masika, ukungu ukishuka na kugoma kuondoka, walianza kukohoa, na aliyekohoa hakuchelewa kulala ubavu. Haikuwa kwake tu. Hakukuwa na zizi kijijini lililopita masika bila kutoa mzoga.

Mwaka mmoja akaja Bwana Mifugo, kijana aitwaye Ambokile, na gari lililobeba sanduku kubwa la mbao. Ndani mlikuwa na kondoo mwitu dume, aliyesafirishwa kutoka milima ya nchi za mbali. Alikuwa na rangi ya chungu kilichochomwa, miguu myembamba kama ya swala, na pembe nene zilizojikunja hadi mashavuni. Mkia wake ulikuwa kishungi tu. Ambokile akaeleza kwamba mnyama yule amezaliwa kwenye miamba na theluji. Akipandishwa kwa majike ya hapa, huenda watoto wakarithi mapafu ya baba na nyama ya mama. Alisema "huenda," kwa sababu jaribio lenyewe lilikuwa jipya hata kwa waliomtuma.

"Huyo ni kondoo?" akauliza Mzee Kasyupa, jirani wa Tupokigwe. "Mbona ananitazama kama ananidai?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyetoa jike lake isipokuwa Tupokigwe. Naye hakutoa kwa imani. Aliona tu kwamba masika mengine kama yale yaliyopita, na zizi lake litabaki na samadi peke yake.

Wakazaliwa chotara watatu, majike wawili na dume mmoja. Walikuwa na mstari mweusi mgongoni na vikia vyembamba. Masika yalipokuja, kondoo wengine wakakohoa, wale watatu wakawa wanakula majani mvuani kama vile mvua haiwahusu. Ungedhani watu wangefurahi, kumbe ndipo shaka ilipozidi. Kondoo gani haogopi mvua? Kondoo gani akionyeshwa chumvi haji? Baba yao alikufa mwaka uleule, kwato zimeoza kwa udongo wetu wa majimaji, na wapo walionong'ona kwamba hakufa, bali amehamia ndani ya mwanawe.

Huyo mwana ndiye aliyewatisha zaidi. Walimwita Mgeni. Jioni wenzake walipoingia zizini, yeye alisimama nje, kichwa juu, pua ikichezacheza, akigoma kupita mlangoni alipolala Askari mpaka asukumwe kwa fimbo.

Kisha wanakondoo wakaanza kuuawa. Wa kwanza alikuwa wa Mzee Kasyupa. Alikutwa bondeni siku ya ukungu, koo limeraruliwa. Chui angeondoka na mzoga, na fisi angevunja mifupa. Huyu muuaji aliua akaacha.

Tupokigwe aliposikia, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kumtazama Mgeni. Alijionea aibu kidogo, lakini alikwenda. Akakuta damu imekauka kwenye pembe moja. Siku hiyohiyo Askari alirudi akichechemea, ubavu umevimba na kuchanika. Tupokigwe akamkanda kwa maji ya moto.

"Pole, baba," akamwambia. "Kumbe hata wewe amekugonga, nawe unatulinda."

Akampa mfupa. Mgeni, yeye alifungwa kamba.

Mwanakondoo mwingine akauawa kwa jirani wa pili, Mgeni akiwa bado kwenye kamba yake. Hapo mtu angejiuliza. Lakini Mzee Kasyupa alisema kamba haifungi kilichotoka mwituni, na watu wakaafiki, wakaanza kumchunga kwa zamu, mchana na usiku. Tupokigwe naye akaanza kukagua fundo kila alipopita, akijiuliza kama ndilo lilelile alilolifunga. Majirani wakikutana naye kisimani, walimjulia hali kisha wakaangalia mikono yake, kana kwamba wangeona alama za ile kamba.

Asubuhi moja ya ukungu wakaja wote, Mzee Kasyupa mbele, kisu kiunoni. Ambokile alikuwa ameshaitwa.

"Wazee wangu, shikamooni," Ambokile alisema. "Nisikilizeni. Kondoo hali nyama. Hata meno ya mbele ya juu hana."

Lakini huku akisema hivyo, alichuchumaa, akamfunua Mgeni mdomo, akamnusa. Tupokigwe alimwona.

"Mwanangu," Mzee Kasyupa akamwuliza taratibu, "kama unajua hali nyama, unatafuta nini mdomoni?"

Ambokile akasimama. "Nataka kuwa na hakika tu, mzee."

"Na sisi tunataka hiyo hiyo hakika. Mama, mnyama ni wako. Tupe ruhusa tumpasue tuone alichokula."

Watu wote wakamgeukia Tupokigwe. Alimtazama Mgeni. Mgeni hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amegeuza kichwa kuelekea bondeni, masikio yamesimama, na Tupokigwe akaona kwamba hata sasa anakwepa macho ya watu kama mwenye hatia.

"Mchinjeni," akasema.

Wakamchinja. Wakampasua tumbo, watu wakisongamana bega kwa bega. Mlikuwa na majani matupu.

"Nyama imeshayeyuka," mmoja akasema.

"Pasua na utumbo," akasema mwingine.

Wakiwa wameinama hivyo, kilio cha mwanakondoo kikatoka bondeni, kirefu, kisha kikakatika. Hakuna aliyesogea. Mgeni alikuwa mbele yao, vipande vipande.

Halafu wakakimbia. Ng'ambo ya kijito, ndani ya ukungu, walimkuta Askari amemkalia mwanakondoo wa Mzee Kasyupa, kifua chote kimelowa damu. Aliinua kichwa. Alipomwona Tupokigwe miongoni mwa watu, akatikisa mkia.

Hapo Tupokigwe akaelewa yote kwa mara moja: damu ile kwenye pembe ilikuwa ya nani, ubavu ule ulivimba kwa kazi gani, na kwa nini Mgeni alikataa kupita mlangoni. Akakaa kwenye majani yenye maji.

Mzee Kasyupa akainua rungu.

"Niachie," Tupokigwe alisema. "Ni wangu. Nimemlisha mwenyewe."

Akamwita Askari, naye akaja mbio kama siku zote. Akampitisha nyuma ya kilima, wanaume wawili wakimfuata, na aliporudi alirudi bila mbwa.

Siku iliyofuata alimpelekea Mzee Kasyupa mmoja wa wale majike wawili wa chotara, fidia ya wanakondoo wake. Mzee alimpokea kwa mikono miwili, macho chini. Ambokile naye alikuwa pale, amekuja kuaga.

"Mama, ningesimama imara ningemwokoa," akasema.

"Hata mimi, mwanangu. Nilipoambiwa kuna damu, nilikwenda kwake moja kwa moja. Sikumtazama mwingine."

"Lakini tulikesha tukimchunga!" Mzee Kasyupa akasema, kama anayebishana na nafsi yake. "Kijiji kizima! Hakupiga hatua bila sisi kumwona. Tulikuwa na macho mengi kiasi hicho, ilikuwaje tusione?"

Tupokigwe alijifunga kanga yake vizuri, akainuka kwenda zake.

"Ndivyo ilivyo, mzee wangu," akasema. "Mtazama pembe haoni meno."