Fisi na Nyumba Isiyo na Mlango

Paukwa!
— Pakawa!
Tofali!
— Juu ya tofali!
Na katikati?
— Udongo!
Na asiyeitikia?
— Akaukande!

Haya, sogeeni. Habari hii nimeipata kwa Kanga, na mnamjua Kanga, mdomo wake hauna kufuli.

Palikuwa na Bi Pimbi, kinyama kidogo kisicho na mkia, akiishi kwenye ufa wa mwamba na wanawe watatu. Kila masika maji yanaingia, watoto wanakohoa, kho, kho, kho! Mwaka huo Bi Pimbi akasema, "Basi! Mvua ya safari hii itanikuta ndani ya nyumba." Akakanda udongo kwa miguu, pwaa, pwaa! Akafyatua matofali, akayaanika, akayapanga tanuru, akawasha moto. Yakaiva mekundu, ukiyagonga yanalia, ngee!

Siku ya kufungua tanuru, loo! Nani huyo kakaa juu yake? Bwana Fisi, kakunja nne, paja la nyati mkononi.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Matofali yangu mazuri."

"Yako tangu lini, na miguu yangu hii bado ina udongo?"

"Tangu nilipoyakalia. Nataka nyumba ya kufichia nyama. Utanisaidia kazi, ama nianze na hao wanao?"

Bi Pimbi akawatazama wanawe. Akatazama wingu, linazidi kuwa jeusi. "Nitakukandia udongo, baba."

Mara, vuuu! Akatua Nyigu, fundi wa kuta anayejulikana kote. "Nimesikia kuna kazi hapa. Ukuta nitaunyoosha mpaka uushangae. Wala sitaki makubwa. Mwenye nyumba anilishe mchana tu, ndiyo desturi yetu mafundi."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Nikulishe? Na kiuno hicho, chakula utakiweka wapi? Toka! Nitajenga mwenyewe!"

"Umewahi kujenga?"

"Nimewahi kuona!"

Nyigu akacheka hadi akasahau kuuma, akaenda zake.

Fisi akashika mwiko. Pwaa, udongo! Pa, tofali! Ko ko ko! Pwaa, udongo! Pa, tofali! Ko ko ko! Ukuta ukatoka umepinda kama mlevi anayetafuta kwao. Bi Pimbi akaufumba mdomo usicheke. Akamfungia uzi wa kunyooshea safu, akamning'inizia jiwe la kupimia wima. Fisi akabomoa, akaanza upya, na safari hii kuta zikanyooka. Akazijenga nene, matofali mawili mawili, kwa kuogopa wezi.

Zilipofika magotini akasimama ndani, akajikuna. "We Pimbi, mlango niuache wapi?"

Hapo! Hapo moyo wa Bi Pimbi ukaruka kama panzi. Lakini uso kaukaza.

"Mlango? Bwana Fisi, mwizi anaingilia wapi?"

"Mlangoni."

"Sasa unamtengenezea njia?"

"Ala! Lakini mimi nitaingia wapi?"

"Sasa hivi uko wapi?"

"Ndani."

"Basi si umeshaingia?"

Fisi akajipiga kifua, pu! "Fundi gani angeliwaza hilo? Ndiyo maana nikasema, mwenyewe!"

Pwaa, udongo! Pa, tofali! Ko ko ko! Kuta zilipompita kichwa, akapanga matofali makavu, bila udongo, ndani kama ngazi, akawa anasimama juu yake kujenga. Jioni anapanda ngazi hiyo, anaruka nje, anakwenda kulamba paja lake la nyati alilotundika mtini. Asubuhi anarudi kwa kupanda rundo la matofali lililobaki nje. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo.

Siku ya nne Bi Pimbi yuko juu ya ukuta, maana mwenzenu yule hupanda popote. Akapiga kelele, "Bwana Fisi, matofali yameisha! Bado safu tatu nyumba iwe ndefu kuliko ya Chui!"

"Kuliko ya Chui? Hayaishi! Mbona haya hapa chini ya miguu yangu? Nikikurushia utapanga?"

"Nitapanga, baba!"

"Shika!" Pa! Ko ko ko! "Shika!" Pa! Ko ko ko! Kila tofali likipanda, Fisi anashuka. Anarusha, anashuka. Anarusha, anashuka. La mwisho likapanda, na Fisi, miguu sakafuni!

Akatazama kushoto, ukuta. Akatazama kulia, ukuta. Akaruka, puu! Akaruka, puu!

"Pimbi! Ngazi iko wapi?"

"Umeijengea, baba. Kuliko ya Chui."

Fisi akalia, akabembeleza, akatukana ukoo mzima. Bi Pimbi akamshushia kamba yenye karai la udongo.

"Nyundo ninayo, nitakupa utoboe. Ila kwanza piga lipu, kuta ziwe laini."

"Lipu? Nina njaa!"

"Basi fanya haraka."

Fisi akapiga lipu kuta zote. Akasawazisha sakafu. Akaambiwa ajenge na vitanda vitatu vidogo vya udongo, akavijenga. Hakuuliza vya nani, njaa haikumpa nafasi. Siku mbili nzima, na mwiko wake mwenyewe!

Ndipo nyundo ikashuka. Fisi akainua, gu! gu! gu!

"Polepole!" Bi Pimbi akapiga yowe. "Hapo juu hakuna linta ya kubeba ukuta! Ukitoboa tundu kubwa, nyumba yote itakuja kichwani kwako!"

Fisi akaganda. Akatoboa kitundu, akaingiza kichwa. Kikapita. Mabega, yakapita kwa taabu. Kiuno, kikanasa! Akajivuta, akajivuta, kwaruu! Akatoka, sehemu ya nyuma imebonyea, na mpaka leo mgongo wake unateremka. Mtazameni mkikutana naye, lakini kwa mbali.

Akakimbilia mtini kwenye paja lake. Siafu wameacha mfupa. Hata kurudi kulipiza hakuweza, kila akikitazama kile kitundu kiuno kinamuuma.

Bi Pimbi akaezeka nyasi jioni ileile. Wingu likapasuka, shaaa! Ndani, watoto watatu kwenye vitanda vitatu, hakuna kho wala nusu yake. Kitundu kile, kwa pimbi, ni mlango kamili!

Fundisho lenu ni hili: fundi wa nini? Jengeni wenyewe! Na mtu akiwapora matofali, wanangu, msimgombeze, mkabidhini na mwiko.

Hadithi yangu imefika linta. Mwenye nyasi na aezeke.