Nayana, Mbia wa Miaka Minne

Anayekimbia juu ya sakafu huuona mwendo wake mtamu, kwani hakuna jiwe wala mwiba; kinachomsubiri ni ukingo tu. Ndivyo alivyokimbia Vrajlal, muuza sari wa mji wa Surat, mtu asiyetulia hata usingizini. Mkewe Savita aliapa kwamba miguu ya mumewe ilikuwa ikimwacha kitandani, ikaenda jikoni peke yake na kurudi.

Kilichomkosesha raha ni kodi ya mapato. Faida ikikaa juu ya kichwa kimoja, kodi huwa nzito kama gunia lililolowa. Ikigawanywa kwa vichwa vingi, huwa nyepesi kama unyoya. Siku ya Diwali, sikukuu ya Wahindu ya kufungua mwaka mpya wa biashara, wenzake walipokuwa wakiviombea baraka vitabu vipya vya hesabu, Vrajlal alimpakata bintiye Nayana, wa miaka minne, akamvuta kando kaka wa mkewe, Harkisan, muuza nyuzi.

"Shemeji, mtoto akiwa mbia dukani kwa babaye, serikali huihesabu faida yake kuwa ya baba. Basi Nayana awe mbia kwako, mwanao Bipin awe mbia kwangu. Watatushikia wapi?"

"We mtu! Huyu hata kamasi hajui kupenga, leo tajiri wa nyuzi?"

"Kamasi hazitozwi kodi, shemeji."

Wakacheka hadi halua ikawapalia.

Baada ya miaka michache sheria ikabadilishwa: mtoto awe mbia wa duka lolote lile, faida yake ihesabiwe kwa mzazi mwenye kipato kikubwa. Vrajlal alikwenda mbio kwa wakili hadi ndara zake zikaomba likizo.

"Nimtoe mtoto?"

"Mtoe. Ila shemeji yako naye atamtoa Bipin kwako, na sehemu yake ya faida ni yake, utamlipa."

"Sehemu ya Bipin imeshakuwa majora ya hariri!"

"Basi tulia, ulipe."

Atulie vipi? Mwaka baada ya mwaka alilipia kodi faida ya Nayana asiyoigusa, huku akijiliwaza: Nayana akikua atanipa yake, nami nitamlipa Bipin, duka lisimame.

Bipin alipokuwa mtu mzima alidai chake. Majora karibu yote yakatoka mlangoni kwa mkokoteni. Mwaka uleule Nayana alitimiza miaka kumi na minane, Vrajlal akamwita dukani akihema.

"Mwanangu, chukua fungu lako kwa mjomba, uniokolee duka. Miaka yote nimekulipia kodi!"

"Baba, nikitoka shule nilikuwa nakwenda wapi? Kwa mjomba, maana wewe hukai. Nyuzi zake nazijua hata nikifumba macho. Nabaki mbia kulekule." Akamshika mkono. "Ila mjomba anatafuta mtu wa kupima nyuzi."

"Mimi? Nikampimie nyuzi Harkisan?"

"Nenda, mume wangu," alisema Savita, aliyekuwa akisikiliza mlangoni. "Ni kazi ya kukaa."

Vrajlal akazitazama rafu tupu. Miguu ikataka kukimbia, isione pa kukanyaga. Hakika, mbio za sakafuni huishia ukingoni.