Mkono Kinywani mwa Mpiga Mbiu

Hapo zamani, na pengine hata asubuhi ya leo, palikuwa na mji ndani ya mwili wa Mwinjuma, mtu mnene, mcheshi, mpenda sinia. Mtunza ghala wa mji huo alikuwa Bi Ini. Mafuta yakiingia, aliyapokea. Mpiga mbiu akitangaza, "Chomeni mafuta!", vibarua waliyachoma.

Mji ulikuwa na desturi yake. Palikuwa na watu wadogo mno, ambao wasomi wa leo huwaita maikro-RNA, vijumbe vinavyonyamazisha amri za jeni. Kazi yao ilikuwa kumziba mpiga mbiu kinywa ili matangazo yasizidi kiasi. Na aliyezibwa hakuuliza nani ametoa amri. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu.

Siku moja ukuta wa ghala ukapasuka. Mafuta yalikuwa yamefika darini, na penye ufa palianza kuota kovu. Kovu lilikuwa bado changa. Lakini kila mtu alijua kwamba ghala likigeuka kovu tupu, mji mzima utakufa.

Bi Ini akatoka na khanga kiunoni.

"Nani kanifanyia haya? Watu wanapita wakisema Bi Ini mvivu! Mimi nisiyelala! Mbiu ya kuchoma sijaisikia tangu masika!"

Akamkuta Kimya, mmoja wa wale wadogo, amemziba mpiga mbiu kinywa.

"Toa mkono, wewe usiyeonekana!"

"Usinitukane, Bibi. Kuziba ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Mzee Shahamu, mwenye nyumba ya mafuta ya kiunoni, alinituma kwa njia ya damu. Kamuulize yeye."

Mzee Shahamu akaja akihema. "Ndiyo, nilimtuma. Nyumba yangu ilijaa pomoni, nikachanganyikiwa, nikatuma wajumbe ovyo. Mlitaka nipasuke? Aliyenijaza ni mwenye mji!"

Mwinjuma, aliyesikia zogo ndani yake, akawaka. "Ahaa, sasa ni mimi! Kaka yangu anakula sinia moja na mimi, na ghala lake ni zima. Nani alinipigia hodi akaniambia? Hata maumivu sikuyasikia. Na nikichelewa kula, nyinyi nyote mnanipigia kelele!"

"Na Bibi je?" Kimya akadakia. "Ulimwona mpiga mbiu hasemi, ukaendelea kufungua mlango."

"Nifunge, mafuta yazagae mjini yaue moyo? Huna haya!"

Kovu lingeweza kupona, kama mmoja wao angeanza. Mwinjuma apunguze sinia. Shahamu amrudishe mjumbe wake. Kimya atoe mkono. Bi Ini aseme mapema, hata kwa kupiga kelele.

"Aanze yeye," kila mmoja alisema, akimwonyesha mwenzake kidole.

Nyuma yao ukuta ukalia, ufa ukasogea mbele kidogo.

Nyinyi mnaosikiliza, nimewapa maneno yao yote, na sikumpunguzia mtu haki yake. Je, nani kati yao alistahili kuambiwa, "Anza wewe"?