Kufuli Kwenye Kibanda cha Wasafiri

Wapendwa, funikeni Biblia zenu kwanza, mnitazame. Leo nina hasira, na sitaificha nyuma ya tabasamu la mchungaji. Nitawasimulia kisa, halafu mtaamua wenyewe kama nina haki ya kukasirika.

Kulikuwa na kijiji kimoja cha pwani, chenye njia nyembamba inayopita juu ya majabali, bahari upande huu, vichaka upande ule. Watu walikuja kutoka mbali kuitembea njia ile kwa miguu, mabegi mgongoni, kwa raha yao tu. Ni mwendo wa kutwa nzima, na katikati hakuna nyumba hata moja. Na mvua ya pwani mnaijua, haipigi hodi.

Basi kijiji kikaunda kamati. Kamati ikamtafuta binti mmoja msanifu wa majengo, ikamwambia, tuchoree kibanda kidogo cha mbao, msafiri akinyeshewa apate pa kujibanza. Yule binti hakukimbilia kuchora. Aliitembea njia ile mwenyewe, akalowa mwenyewe, akatetemeka mwenyewe. Ndipo akakaa na kalamu. Mlango akauelekeza upande usiopigwa na upepo. Mabenchi akayafanya mapana, mtu aliyechoka aweze kulala. Na mlangoni akaweka komeo la mti tu, la kusukuma kwa kiwiko, maana mtu aliyeganda kwa baridi vidole havimtii.

Mwenyekiti wa kamati akaitazama ramani, akakunja uso. "Binti yangu, kufuli liko wapi?"

"Halipo, Mwenyekiti."

"Sasa si watu wataingia?"

"Ndiyo, baba. Kinajengwa ili waingie."

Mnacheka. Ngojeni kwanza.

Kibanda kikajengwa, kikapendeza. Mbao zikapigwa vanishi mpaka zikang'aa. Yule binti akaaga, akarudi kwake. Hata vumbi la gari lake halijatulia, mwenyekiti akamwita fundi, akaamuru mlango utiwe pete za chuma na kufuli. Kwa nini? Kwa sababu mgeni rasmi hajaja kuzindua! Si mnatujua? Kwetu sisi kitu kipya hakitumiki mpaka mkubwa akate utepe. Mabenchi yakaachwa na nailoni zake. Utepe mwekundu ukafungwa mlangoni. Mgeni rasmi akaahirisha, kisha akaahirisha tena. Ikabidi awekwe mlinzi. Mlinzi wa nini, jamani? Wa kuwazuia wasafiri wasiingie kwenye kibanda cha wasafiri!

Alasiri moja akaja mama mmoja na baba yake, mwalimu mstaafu, mzee aliyependa kutembea kuliko kula, ingawa kifua chake hakikuwa kizuri. Mvua ikawakamata njiani, na upepo juu yake. Walipokiona kibanda walimshukuru Mungu kwa sauti. Wakaharakisha kuufuata mlango.

"Samahani mama," mlinzi akasema, "hakijazinduliwa."

"Kaka yangu, huoni mzee anavyotetemeka? Tufungulie tukae sakafuni tu. Hatutagusa kitu."

"Ufunguo anao mwenyekiti. Ngoja nimpigie."

Akapiga. Mwenyekiti yuko kwake, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Mnajua alijibu nini? "Waambie wavumilie, mvua itakatika sasa hivi. Wakinichafulia sakafu kwa matope, mgeni rasmi nitamweleza nini?"

Mvua haikukatika. Yule mzee alikaa chini ya upenu, mgongo wake umeegemea ukuta wa mbao, na upande wa pili wa ule ukuta kulikuwa kukavu. Unene wa ubao mmoja, wapendwa! Watu walipofika na machela, kifua kilikuwa kimeshambana. Wiki haikuisha, akafariki.

Sasa niambieni, kamati ilifanya nini? Ilitubu? Ilivunja kufuli? Thubutu! Ilikaa kikao, na kwa masikitiko makubwa ikaamua kukipa kibanda jina la marehemu. Wakachapisha fulana zenye sura yake. Na mgeni rasmi safari hii alikuja mbio, maana msiba ule ulikuwa na kamera. Akakata utepe. Mwenyekiti akaibeba picha ya mzee ndani ya fremu, kioo kimefutwa vizuri, akaingia nayo, akaitundika ukutani. Watu wakapiga makofi.

Yule mama alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Kumbe baba yangu angeweza kuingia. Mlikuwa mnasubiri awe picha kwanza."

Na hotuba zilipoisha, mwenyekiti alifanya nini? Alifunga kufuli. Picha isije ikaibiwa!

Naona mnatikisa vichwa. Mnamlaani mwenyekiti moyoni. Punguzeni laana, maana yumo humu ndani, na hakuja peke yake. Ni sisi! Jirani akiumwa, hatuna nauli ya kwenda kumjulia hali. Akifa, tuna mahema, tuna viti, tuna masufuria ya pilau. Mtu amelala miaka kwenye nyumba inayovuja tukipita hapo hapo, leo amekufa ndipo tunakodi turubai! Tunalia mpaka tunashikiliwa, fulana zenye sura yake kifuani. Inaniuma kusema, lakini nitasema. Hatuwapendi watu sisi. Tunapenda picha zao, kwa sababu picha haina matope miguuni.

Wala tusiende mbali. Ukumbi wetu mpya uko hapo nje. Tuliuchangia kwa machozi, tukasema utakuwa kimbilio la kila mpita njia. Tangu Pasaka umefungwa, viti vina nailoni, tunamsubiri askofu. Alhamisi mvua ilinyesha, mliiona wenyewe. Akina mama wanaotoka sokoni walijibanza kwenye upenu wake, watoto mgongoni, maji yanawapiga miguuni. Nikaomba ufunguo. Nikajibiwa na Mkristo mwenzangu, "Mchungaji, tumeshapiga deki."

Tumeshapiga deki!

Mwenye ufunguo yumo kanisani, na simtaji, anajijua. Mvua ndiyo hiyo imeanza tena, mnaisikia juu ya bati. Na pale nje kuna watu, nimewaona nikiingia. Basi leo baraka ya mwisho sitaitoa hapa. Nitaitolea ndani ya ule ukumbi, sisi na wao, na viatu vyetu na matope yake hivyo hivyo. Ndugu yangu, inuka. Nenda ukafungue.