Doti Moja, Mikono Mitatu

Hapo zamani, wala si zamani sana, palikuwa na mama aitwaye Sikitu. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji mara mbili, na daktari alimwonya: "Ukibeba mimba nyingine mapema, uhai wako utakuwa hatarini." Kwa hiyo kila jioni Sikitu alimeza kidonge chake cha uzazi wa mpango, akalala kwa amani.

Siku moja pakiti ikaisha. Akaenda zahanati, vidonge vyake havipo. Akarudi jioni, havipo. Akaingia kwa jirani yake Mwanamvua, kama mtu anayekwenda kuazima chumvi.

"Chukua pakiti yangu ya akiba, shoga," Mwanamvua akasema. "Jina ni lingine, lakini mimi nameza na sijambo. Ila usianze leo! Ngoja wiki nzima, dawa ya zamani itoke mwilini. Zisije zikagombana huko ndani."

Sikitu akangoja. Siku ya pili akangoja, akifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Siku ya tatu ikaja habari: mumewe Kombo, aliyekuwa safarini mwezi mzima, anarudi jioni ile.

Sikitu akaunguza wali. Akamvika mtoto kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Mwishowe akaifunga pakiti kwenye pindo la kanga, akakimbilia zahanati.

Nesi Hidaya akampima presha, akamwuliza maswali, akaisoma pakiti mbele na nyuma.

"Dawa ni ileile, kampuni tofauti. Nani kakwambia ungoje?"

"Watu."

"Watu hao walisomea wapi? Pakiti ya kwanza ikiisha, kesho yake unaanza ya pili, huruki hata siku moja. Wewe umeruka. Anza leo, na kwa siku saba mtumie kondomu au mlale mbalimbali."

"Basi nipe kondomu, nesi."

"Nazo zimekwisha, mama."

Jioni Kombo akafika, begi begani, tabasamu usoni. Sikitu akamweleza yote. Kombo akakitazama kitanda. Akautazama mkeka.

"Mwezi mzima barabarani, halafu siku saba sakafuni?" Akacheka, akatandika mkeka. Siku zote saba hakulalamika, ila kuhusu mbu.

Mwezi ukapita. Nesi akampima Sikitu: hana mimba. Sikitu akalia, akacheka, akawaita Mwanamvua na nesi nyumbani, wakaketi na Kombo. Akatoa doti mpya ya kanga. "Hii ni ya aliyeniokoa," akasema.

Mikono mitatu ikanyooshwa.

"Bila pakiti yangu angemeza nini?" akasema Mwanamvua. "Maneno ya nesi?"

"Na bila maneno yangu," akasema Hidaya, "pakiti yako ingekuwa bado kabatini, kwa ushauri wako mwenyewe!"

"Pakiti haikulala chini," akasema Kombo. "Maneno hayakulala chini. Mgongo wangu ndio uliolala. Nipeni kanga nijifunike, mbu bado wananijua."

Sikitu akashika mkasi, akaikata doti katikati. Vipande viwili. Akamtazama Mwanamvua, akamtazama Hidaya, akamtazama Kombo. Akachanganyikiwa upya, kama siku ile alipounguza wali.

Haya, wanangu, ninyi mnaonisikiliza, msaidieni. Je, ni nani waliostahili kanga, na nani arudishe mkono mtupu?