Mvinyo wa Nyumba ya Chilongani

Nina shauri limenishinda, nimelileta kwenu. Sikilizeni kwanza, mtasema baadaye.

Upande wa Hombolo, Dodoma, ilikuwapo nyumba ya mzee Chilongani, watu waliotengeneza mvinyo tangu enzi za babu yao. Walikanyaga zabibu kwa miguu, wakauacha mvinyo utulie kwenye mapipa ya mbao ghalani mwao. Mzee alipofariki, alibaki mjane wake, Bibi Perpetua, na watu watatu. Leokadia, binti mkubwa, alikuwa na ulimi: zabibu moja tu ilimwambia kama shamba limeiva. Ndahani, mdogo wake, alikuwa na mikono ya ufundi, na mizinga yake ya nyuki ndiyo iliyomlisha. Martina, mjane wa kitinda mimba wao, alikuwa na sikio: aliinamia pipa akajua mvinyo unachemka vizuri au unaharibika.

Baada ya msiba waliacha kukamua, wakawa wanaiuzia kampuni moja zabibu. Kisha kampuni ikalitaka shamba lenyewe. Bibi Perpetua akakataa. Msimu wa mavuno ulipofika, lori la kampuni halikuja.

“Zikianza kuoza mtanifuata wenyewe,” alisema Kisoma, wakala wa kampuni.

Leokadia aliingia shambani, akaonja zabibu, akatema kokwa. “Leo,” alisema. “Kesho tumechelewa.”

Kisoma akamfuata. “Ukikata kichala kimoja bila ruhusa yetu, hatununui kwenu tena maisha yenu yote.”

Leokadia akakata, akamwonyesha. “Hicho kimoja. Sasa nakata cha pili.”

Majirani waliokuwa wakiangalia kwa mbali wakachukua visu, wakaingia kumsaidia.

Zabibu zikajaa uani, lakini mapipa ya babu yalikuwa yamekauka na kupasuka, maji yalipita kama kwenye chujio. Ndahani alikwenda kwenye mizinga yake, akaivunja yote, akayeyusha nta na kuziba kila ufa.

“Na wewe utakula nini?” mama yake alimuuliza.

“Tutajua baadaye, mama. Shamba hawachukui.”

Wakakanyaga, wakajaza mapipa. Ndipo joto likazidi. Martina akasikia sauti ndani ya mapipa imebadilika, mvinyo ulikuwa unaelekea kuwa siki. Akayafunika kwa magunia mabichi, akawa anayamwagia maji mchana kutwa, anayazamisha maganda kwa mikono mpaka ngozi ikachubuka.

Kisoma akamjia. “Dada, wewe si wa ukoo huu. Waachie mapipa yao. Kiwandani kuna kazi ya usimamizi inakungoja.”

“Mume wangu amezikwa nyuma ya ghala hili,” Martina alimjibu, mikono imo ndani ya pipa. “Nipishe, unanizibia hewa.”

Mvinyo ukatoka safi, mwekundu, mkali kidogo kama alivyoupenda mzee. Watu wakaja kuununua kutoka mjini, na Kisoma naye akaja, akataka mapipa yote. Bibi Perpetua akamwonyesha njia aliyojia.

Siku hiyo aliwaita wale watatu. “Mimi nimechoka,” alisema. “Ghala linataka mwenye kulishika. Mmoja tu, maana wakiamua wengi, huyu wakala atapata pa kuingilia.”

“Nisingethubutu kukata, mngekamua nini?” alisema Leokadia.

“Na mngemimina wapi?” alisema Ndahani. “Mimi sina mzinga hata mmoja leo.”

Bibi Perpetua akamtazama Martina mikono yake yenye makovu, akasema, “Na bila huyu mngekunywa siki.”

“Lakini yeye kaolewa tu hapa,” alinong'ona Ndahani.

“Hata mimi niliolewa tu hapa,” mama yake akamjibu.

Shauri halikuamuliwa siku hiyo, na mpaka leo ghala halijapata mwenyewe. Wa kwanza alithubutu, wa pili alitoa alichokuwa nacho, wa tatu alikataa kuondoka. Nanyi mnaonisikiliza, ghala mngempa nani?