Kwa Nini Watu wa Mwamtsunga Huulizana "Uko Chini?"

Ulikuwepo wakati, na baadhi yetu tuliuona kwa macho, ambapo mtu wa Mwamtsunga akipigiwa simu alisema "halo" kama watu wengine wote, kisha akazungumza popote alipokuwa. Alizungumza akivuka barabara, akiteka maji, akipanda ngazi. Wagema walizungumza wakiwa juu ya minazi na hakuna aliyeshangaa. Simu za wakati huo zilikuwa ndogo, za vibonyezo, zile za mulika mwizi, na zilienea kiganjani zikabaki na nafasi. Gumba lilifika kila kona bila kunyooshwa. Mgema alikumbatia shina kwa mkono wa kushoto, akatia wa kulia mfukoni, akabonyeza bila kutazama, akasema alilokuwa nalo, akairudisha simu mfukoni na kuendelea kugema.

Hodari wa mambo hayo alikuwa Mwambire wa Tsuma. Alikuwa na minazi mirefu kuliko ya wagema wenzake, na wateja wa tembo, ile pombe ya mnazi, walimpigia wakijua kabisa kwamba yuko kileleni. Aliwajibu hukohuko, na wakati mwingine aliwaona wakija njiani kabla wao hawajamwona. Mkewe, Mbeyu, alimwambia mara nyingi kwamba mnazi si mahali pa maongezi. Mwambire alicheka, akasema mkono mmoja unamtosha.

Walikuwa na binti mmoja, Umazi. Huyu Umazi alipata kazi ya ndani Doha, na baba yake hakuipenda safari hiyo. Alisema alichokuwa nacho kusema, Umazi akamsikiliza, na bado akafunga mizigo. Siku ya kuondoka Mwambire hakumsindikiza. Alisema ana kazi minazini, akapanda, na gari lilipopita barabarani alilitazama akiwa juu. Hakupunga mkono. Umazi aliliona hilo, akaenda nalo.

Miezi ikapita. Kupiga simu ya kawaida kutoka huko kulikuwa ghali, kwa hiyo Umazi alinunua simu ya kioo, akaituma kwa mwanamke wa kijiji cha jirani aliyekuwa akirudi nyumbani. Alichagua kubwa makusudi. Macho ya baba yake yalikuwa yameanza kuchoka, naye alitaka amwone vizuri, asibaki kukisia.

Hatuwezi kusema simu ile ilikuwa mbaya. Mara ya kwanza alipopigiwa, Mwambire alikuwa ameketi kitandani nje ya nyumba. Aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sinia, na Umazi akatokea mle ndani mzimamzima, mpaka nyusi zake zilihesabika. Aliona kwamba amepungua mwili. Aliona pia alama ya kuungua kwenye kifundo cha mkono, akauliza ni nini, naye akajibiwa ni pasi tu. Mwambire hakuridhika na jibu lile. Kwenye simu yake ya zamani angeisikia sauti ya mwanawe, aseme yuko salama, amalize. Tangu siku ile hakutaka tena kumsikia bila kumwona.

Tatizo lilikuwa saa. Wenye nyumba alimofanya kazi Umazi walimruhusu kushika simu jioni, kwa kitambo kidogo tu, kabla hajaingia jikoni kupika. Na jioni ndipo mgema huwa juu ya mnazi. Karara, ile inayokatwa ncha ili itoe tembo, haingoji. Usipoikata kwa wakati wake tembo hupungua, kisha hukauka kabisa, na ile minazi ndiyo iliyowalisha.

Kwanza alimwachia Mbeyu simu. Aliposhuka alikuta mazungumzo yamekwisha, akaambiwa mwanao anakusalimu. Aliuliza kuhusu ile alama ya mkononi, ikawa Mbeyu hakukumbuka kuitazama. Wakakorofishana. Mwambire akasema kuanzia kesho atapanda nayo mwenyewe.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Simu haikuingia mfukoni. Nusu yake ilibaki nje, na kila alipopandisha goti ilimchoma ubavuni. Alipofika juu na kuikamata ikilia, vidole vinne vilishughulika kuizuia isianguke, na gumba lililobaki halikufika mahali pa kupokelea. Ili lifike ilibidi asogeze kiganja, na akisogeza kiganja simu ilianza kuponyoka. Lilipofika, lilikuwa limelowa jasho na utomvu, na kioo hakikulitambua. Alijaribu kwa pua, simu ikakatika. Akajaribu kwa kidevu, ikapokelewa, lakini kamera iligeuka na Umazi akaonyeshwa shina la mnazi mpaka muda wake ukaisha. Aliifunga kamba akaitundika shingoni, ikawa inayumba na kugonga kibuyu. Siku moja alishuka akaitupa kitandani, akakaa mbali nayo, akaitazama kama mtu anayetazama mgeni asiyejua kuondoka.

Akaenda kwa Chengo, fundi wa simu pale sokoni. Chengo alikuwa mtu mpole. Aliichukua, akaigusagusa, akamrudishia akimwambia amepata dawa. Sasa ukivuta kidole chini kidogo, kila kitu kinashuka kwenye nusu ya chini ya kioo, na gumba linafika. Mwambire akajaribu. Nusu ya juu ikawa nyeusi, na picha zote zikasinyaa zikajikusanya chini. Akamgeukia Chengo.

"Sasa hii si ndiyo ile ndogo niliyokuwa nayo?"

"Mzee, kubwa ni ya mikono miwili," Chengo alisema. "Ndivyo walivyoitengeneza."

"Walimtengenezea nani? Mtu asiye na kazi?"

 Chengo alimshauri arudie ile ya zamani ya mulika mwizi kwa shughuli za mnazini. Mwambire akamwambia ile haina macho. Akaondoka amekunja uso, na njia nzima alikuwa akiongea peke yake.

Huko Doha, Umazi naye alikuwa amechoka. Kila jioni alijifungia chumba cha kufulia, akapiga, na kila jioni simu ilikatwa au ilimwonyesha majani. Hakujua kwamba baba yake yuko juu ya mnazi. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa Mwambire alimkataza Mbeyu, asije akamtia mtoto wasiwasi. Kwa hiyo Umazi alijijibu mwenyewe, na jibu alilolipata lilitoka kwenye ile siku ya kuondoka. Akatuma ujumbe wa sauti. Mbeyu na mumewe waliusikiliza pamoja mchana, wameketi.

"Baba, kama bado umenikasirikia, niambie nijue. Usinikatie simu."

Mwambire aliomba urudiwe. Ulipokwisha mara ya pili, aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko. Mbeyu alimfuata akamwambia leo asipande. Minazi ikikauka na ikauke, akae kitako, angoje simu ya mwanawe kama mtu mzima. Akakubali.

Jioni akakaa kitandani, simu magotini, mikono yote miwili tayari. Saa ya Umazi ikafika, simu ikanyamaza. Ikapita kidogo, kimya. Jua likateremka. Vibuyu vya jana vilikuwa vimejaa kule juu, na wateja wawili walikuja, wakauliza tembo liko wapi, wakaondoka wakinung'unika. Umazi, kama tulivyokuja kujua baadaye, alitumwa dukani saa hiyohiyo, akachelewa kurudi. Mwambire alingoja mpaka subira ikamwishia. Akachukua kotama yake ya kugemea, akamlaumu aliyevumbua simu na aliyevumbua Doha, akaisukumiza simu mfukoni, akapanda mnazi mrefu kuliko yote.

Alipofika kileleni, ikalia.

Watu wengi wameniuliza kwa nini hakuiacha ilie, ashuke, ampigie mwenyewe. Wanaouliza hivyo hawakuusikia ule ujumbe. Yeye alijua ikikatika leo, mwanawe atakuwa amejibiwa. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake yote ya ugema. Alikalia kuti, akabana shina kwa magoti, akauachia mkono wa kushoto. Akaishika simu kwa mikono miwili. Kioo kikatelezeshwa kama kilivyotaka chenyewe, na Umazi akatokea.

"Mwanangu, sijakukasirikia," alisema upesi. "Ni kwamba huku juu nina mkono mmoja."

"Huku juu wapi, Baba?"

Kuti likakatika.

Umazi aliona uso wa baba yake ukiondoka. Kisha aliona mbingu, makuti, mbingu tena, halafu giza. Simu ilianguka juu ya rundo la makuti makavu, haikuvunjika wala haikukatika, na sauti ya Umazi ikabaki ikiita pale chini.

Mbeyu alikuwa akitoka kisimani. Alisikia binti yake akilia shambani, binti aliyekuwa ng'ambo ya bahari, na alisema baadaye kwamba alidhani akili yake imemtoka. Lakini alitua ndoo, akaifuata ile sauti kati ya minazi. Ikampeleka moja kwa moja. Mwambire alikuwa amelala ubavu, macho yamefumbuka, anapumua kwa shida, mkono wa kushoto umekunjika chini yake vibaya. Jioni ile hakuna mtu mwingine ambaye angepita upande huo. Mbeyu alipiga ukunga, majirani wakaja, wakambeba kwa mlango wa banda mpaka barabarani, wakapata gari.

Simu aliishika Mbeyu, kioo kimemgeukia mgonjwa, safari nzima. Chakula cha jioni hakikupikwa katika nyumba ile ya Doha. Bibi mwenye nyumba alikuja kugonga mlango wa chumba cha kufulia, akakaripia, akagonga tena. Umazi hakufungua na hakuikata simu mpaka alipoona baba yake amepokelewa hospitali.

Mwambire hakufa. Kiuno kilichotenguka kilipona, akatembea. Lakini mkono wa kushoto, ule wa kukumbatia mnazi, haukuinuka tena kupita kifua. Minazi aliachiwa mpwa wake agemee. Yeye akabaki nyumbani na mkono mmoja mzima, na simu ile ile kubwa, ambayo hata akiwa ameketi chini bado gumba lake halikuifikia kona ya pili. Aliisimamisha mezani, akaiegemeza kwenye kopo la chumvi, akaigusa kwa kidole cha shahada huku akiitukana taratibu.

Siku aliyotoka hospitali, Umazi alipiga. Mwambire alipokea, akasubiri salamu. Umazi alimtazama, kisha akauliza, "Baba, uko chini?"

Mwambire alimwonyesha kiti. Alimwonyesha miguu. Umazi akauliza tena. Ikambidi aseme kwa mdomo kwamba yuko chini, ndipo binti yake alipovuta pumzi na kuanza kumjulia hali. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Mzee alikereka. Alimlalamikia Mbeyu kwamba mtoto anamuuliza kila siku jambo analoliona, na mwanamume mwenye mkono mmoja atapandia wapi. Mbeyu alikuwa akichambua mchicha.

"Baba Umazi, mjibu tu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuokota."

Basi akawa anajibu. "Niko chini, mwanangu." Alilisema kwa uchovu mwanzoni, akalizoea, na mwisho likawa ndiyo salamu.

Ikatokea siku moja Mwambire mwenyewe ndiye aliyepiga, mapema kuliko kawaida, kwa kuwa hakuwa tena na mnazi wa kumshughulisha. Umazi, aliyekuwa ameificha simu mfukoni, alipokea. Nyuma yake mzee hakuona ukuta. Aliona anga, na mbali chini, magari madogo. Binti yake alikuwa amekalia ukingo wa dirisha, ghorofa ya juu kabisa ya jengo lile, akifuta vioo kwa nje kama alivyoamriwa. Mkono mmoja ulikuwa umeshika fremu. Wa pili ulikuwa umetupa kitambaa ili ushike simu, na gumba lake lilikuwa limenyooka mpaka mwisho.

Umazi akaanza kumuuliza kama yuko chini. Baba yake akamkata kauli.

"Wewe uko chini?"

Umazi alisema anamalizia kioo kimoja tu. Mwambire hakupandisha sauti. Alisema hatatamka neno jingine mpaka aone sakafu. Akakaa kimya mbele ya simu yake. Mbeyu alikuja akasimama nyuma yake. Wakamwona mtoto wao akiingiza mguu mmoja, kisha wa pili, akateremka, akaketi juu ya marumaru na kuigeuza simu wakaiona sakafu. Hapo akaanza kulia, na baba yake akamwacha alie mpaka atosheke. Siku ile ndipo alipowaambia yote kuhusu nyumba ile, na siku ile ndipo waliposhauriana arudi. Alirudi kabla ya mvua za vuli. Mwambire alikuwa barabarani tangu asubuhi akilingojea gari lake.

Na tangu siku hiyo watu wa Mwamtsunga hawasemi "halo." Mbeyu aliwafundisha wake wa wagema, wake wa wagema wakawafundisha waume zao, na leo anayepiga huuliza, "Uko chini?" na anayepigiwa hujibu, "Niko chini. Na wewe?" Huulizana wavuvi na walimu. Huulizana vijana wetu walioajiriwa maofisini Nairobi, ambao hawajapata kugusa shina la mnazi. Wageni hutucheka, na sisi tumechoka kueleza. Mkwe wetu mmoja wa Nakuru alidhani tunamuuliza kama amefilisika, akakasirika wiki nzima. Simu nazo kila mwaka zinatoka kubwa zaidi, na hakuna aliyezaliwa Mwamtsunga akiwa na gumba refu kuliko la baba yake. Kwa hiyo ukioa kwetu, ukiolewa kwetu, au ukija tu kununua tembo, ukaulizwa swali hilo, usibishane na mtu. Tafuta mahali, keti, jibu kwamba uko chini, kisha sema ulilokuwa nalo.